PAKA WETU NA NDEGE WA MWITU: WAJIBU WA MWENYE KUFUGA

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, nasi twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na Masahaba zake wote. Ama baad.

Katika darasa yetu ya baada ya Magharibi ilisomwa karatasi iliyoletwa na mama mmoja. Ameandika kuwa paka wake aliingia nyumbani na tetere mdomoni, na tetere yule yu hai. Mama akamtoa mdomoni kwa nguvu. Jirani yake akamlaumu, akamwambia: "Umemdhulumu paka, ile ni riziki yake aliyoandikiwa." Mama akamfunika tetere kwa kapu na kumtia maziwa kinywani. Wala hakuonekana na jeraha kubwa, ila unyoya mmoja mmoja uliong'oka. Kulipokucha alikuwa amekufa. Basi mama yule anauliza: Je, nilimdhulumu paka? Je, nina lawama kwa kufa kwake yule ndege? Na lililonipasa kufanya ni lipi?

Baadhi ya waliohudhuria walitabasamu, wakaona kuwa hilo ni suali dogo mbele ya mas'ala ya Sala na Zaka. Lakini dini yetu haikuacha jambo la kiumbe chenye roho pasina hukumu, na mwenye kuuliza ili ajue lililo sawa amefanya ibada. Kwa hivyo tumeona jawabu lake liandikwe hapa kwa urefu, kwani miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Vanga, ni miji ya paka, na jambo hili hutokea nyumbani mwetu kila siku.

1. NDEGE NAO NI UMMA

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, kuwa wanyama wa nchi na ndege wa angani ni umma mfano wetu sisi, na kuwa wao pia watakusanywa kwa Mola wao. Na katika Sura ya An-Nur, aya ya 41, ametufahamisha kuwa ndege wakunjuao mabawa yao ni miongoni mwa wanaomsabihi, na kila mmoja ameijua sala yake na tasbihi yake. Basi yule chozi anyonyaye maua ya uani kwako, na yule shomoro aliye juu ya dari, si kitu cha bure. Ni kiumbe chenye ibada yake, usichokijua wewe namna yake.

Amepokea Abu Dawud kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kuwa walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), naye akaenda kwa haja yake. Wakamwona ndege mdogo aliye na makinda mawili, wakayatwaa yale makinda. Yule mama akaja akawa anapigapiga mabawa yake. Mtume (s.a.w.) aliporudi akauliza ni nani aliyemtia majonzi ndege yule kwa ajili ya watoto wake, akaamrisha warudishiwe mama yao. Tazama, ndugu msomaji: watu walikuwa safarini, lakini Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona kuwa majonzi ya ndege ni jambo la kupitwa.

2. PAKA NAYE ANA HAKI YAKE

Tusije tukamtetea ndege kwa kumdhulumu paka. Paka ni mnyama twahara. Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia chombo cha maji paka apate kunywa, kisha akasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) amesema kuwa paka si najisi, bali ni katika wale watuzungukao majumbani mwetu. Na katika Bukhari na Muslim imo khabari ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache aende akajitafutie katika wadudu wa ardhini.

Lakini hapa pana mambo mawili yapasayo kusahihishwa. La kwanza, watu wengi hutaja kuwa Mtume amesema kuwa kumpenda paka ni katika imani. Wanavyuoni wa Hadithi wamelichungua neno hilo na wakaeleza kuwa ni la kuzuliwa, si maneno ya Mtume. Kadhalika kisa cha Mtume kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake, hakina asili katika vitabu vya Hadithi vitegemewavyo. Rehema kwa paka ina dalili zilizo sahihi na za kutosha, haihitaji kuongezewa uwongo.

La pili, wako wanaoitumia ile Hadithi ya mwanamke kusema kuwa paka hafai kufungiwa ndani hata kidogo, na kuwa ni wajibu kumwacha azurure apendako. Hivyo sivyo. Kosa la mwanamke yule ni kumfungia pasina chakula hata akafa. Ibn Hajar katika Fat'hul Bari amemnakili Al-Qurtubi akisema kuwa Hadithi hii yaonyesha kufaa kumfuga paka na kumzuia, maadamu hakupuuzwa kwa chakula na maji. Shikeni jambo hili, kwani tutalihitaji huko mbele.

3. JE, KUMTOA NDEGE MDOMONI MWA PAKA NI DHULUMA?

Mwenyezi Mungu amemwumba paka kuwa mwindaji. Hana taklifu, wala haandikiwi dhambi. Nasi hatukuamrishwa kwenda porini kumzuia simba na punda-milia, wala kipanga na panya, kwani huo ni mpango wa Mola katika viumbe vyake, na kila mmoja huchukua kadiri ya haja yake.

Paka wa nyumbani hayumo katika mpango huo kwa namna ile ile. Yeye ameletwa pale na mwanadamu, hulishwa na mwanadamu, huzaa kwa wingi kwa sababu ya makombo ya mwanadamu, na njaa haimpunguzi idadi kama impunguzavyo chui wa mwitu. Tena paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwani kuwinda kwake hakufuati njaa peke yake. Akimwona mdudu au ndege akitikisika, maumbile humsukuma amrukie. Ndiyo maana utamwona amemshika ndege, akamchezea, kisha akamwacha pasi na kumla.

Basi paka wa mama yule alikuwa amekula samaki wake mchana. Kumtoa tetere mdomoni mwake hakukumnyima riziki, kwa kuwa riziki yake iko juu ya mwenye kumfuga. Na tetere alikuwa na roho inayoweza kuokolewa. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), imo khabari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kama tuna malipo kwa ajili ya wanyama, alijibu kuwa kila kiumbe chenye uhai kina thawabu kwa mwenye kukitendea wema. Mama yule amefanya jema, na jirani yake amesema pasi na ilimu.

Na wingi wa madhara haya si mdogo. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walitoa hesabu yao katika jarida la Nature Communications, wakakadiria kuwa paka wa nchi ile huua ndege baina ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, na wengi wao huuawa na paka wasio na mwenyewe. Na katika kisiwa cha Stephens huko New Zealand, baada ya kujengwa mnara wa taa ya meli uliowashwa mwaka 1894, walifika paka. Palikuwa na ndege mdogo asiyeweza kuruka, na katika muda wa miaka michache hakubaki hata mmoja. Umma mzima katika zile umma alizozitaja Mwenyezi Mungu ukaondoka, na sababu kubwa katika hayo ni paka waliofuatana na watu.

4. DHAMANA YA MWENYE PAKA

Huenda mtu akasema: "Paka hana akili, basi mimi nina lawama gani kwa alilolifanya?" Jawabu lake limo katika kitabu ambacho wanafunzi wetu wakisoma tangu zamani, nacho ni Minhaj cha Imam Nawawi. Ameeleza humo kuwa paka akiharibu ndege wa mtu au chakula cha mtu, na ikawa inajulikana kuwa hiyo ndiyo ada yake, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi mwenye paka hulipa, ikiwa ni usiku au mchana. Na ikiwa haikujulikana kwake ada hiyo, halipi.

Tazama namna wanavyuoni walivyolijenga jambo hili juu ya kujua. Asiyejua ana udhuru. Lakini akishajua kuwa paka wake ni mla vifaranga vya jirani, kisha akamwachia, amekuwa kama aliyefanya yeye mwenyewe. Basi mwenye paka kama huyo na amlipe jirani njiwa wake au kifaranga chake, wala asione ni mzaha.

Ama ndege wa mwitu, hana mwenyewe wa kulipwa katika watu. Lakini je, kukosekana kwa mwenye kudai hapa duniani ni kukosekana kwa hisabu? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Aliyekwisha kujua kuwa paka wake huvizia viota vya uani kila alfajiri, naye ana uwezo wa kumzuia kwa jambo jepesi kama kufunga mlango, na asifanye, hana udhuru wa kusema kuwa paka hana akili. Akili aliyopewa yeye ndiyo aliyotakiwa aitumie.

5. JINO LA PAKA NA SUMU YAKE

Sasa twaja kwenye kufa kwa tetere yule asiye na jeraha la kuonekana. Jino la paka ni jembamba na refu. Huingia katika nyama ya ndege, likitoka tundu hujifunga na manyoya huifunika. Kinywani mwa paka mna vijidudu vingi, na mashuhuri katika hivyo ni kile waganga wakiitacho Pasteurella multocida. Havimdhuru paka mwenyewe, lakini vikiingia katika damu ya ndege huenea mwilini kwa upesi, na mara nyingi ndege hufa katika muda wa siku moja mpaka tatu, hata kama jeraha lenyewe ni dogo.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya jambo hili ni hii: ndege yeyote aliyeingia kinywani mwa paka ahesabiwe kuwa ameumia, hata kama anasimama na kuruka, na anahitaji dawa ya kuua vijidudu kutoka kwa daktari wa wanyama katika saa chache za mwanzo. Kumwachia aende zake kwa sababu "haonekani kuumia" ni kumwachia akafie kichakani.

Na maziwa aliyotiwa kinywani hayakumfaa. Ndege si mnyama wa kunyonya, na tumbo lake haliyawezi maziwa. Tena tundu lake la pumzi liko nyuma ya ulimi, hata kitu cha majimaji kikitiwa kwa nguvu huenda kikaingia katika pumzi na kumsonga. Hatusemi haya kumtia lawama mama yule. Alitenda kwa nia njema na kwa kadiri ya alivyojua, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila uwezo wake. Lakini tangu leo yeye na sisi tumejua, na ilimu ni hoja juu ya mwenye nayo.

6. NAMNA YA KUMSAIDIA

Yafuatayo ni mambo ya kufanya kwa mpango wake:

(a) Mwondoe paka kwanza. Usimvute ndege mdomoni mwake, kwani utamrarua. Mshike paka kwa ngozi ya shingo au mfunike kwa nguo mpaka aachie, kisha mtie chumbani na ufunge mlango. Usimpige. Yeye amefuata maumbile yake, na kumpiga hakumfunzi kitu.

(b) Mfunike ndege kwa kitambaa chepesi, umwinue kwa mikono miwili pasi na kumbana kifua. Ndege hupumua kwa kupanuka kifua chake, ukikibana utamwua. Ikiwa ni kipanga au bundi, jihadhari na makucha yake. Ikiwa ni korongo, jihadhari na mdomo wake usikufike machoni.

(c) Mweke katika sanduku la kadibodi, kama lile la viatu, lililotobolewa matundu ya hewa na kutandikwa kitambaa. Lifunge, uliweke pahala pa giza na pa kimya, mbali na watoto, redio na jua. Giza humtuliza. Joto la mwili wa ndege ni kiasi cha digrii 40 hadi 42, kwa hivyo asiachwe penye upepo wa baridi wala katika unyevu.

(d) Usimpe chakula, wala maziwa, wala mkate, wala usimtie maji kinywani. Usimfunge bawa lililovunjika kwa ujuzi wako mwenyewe. Usimfunue kila mara kumtazama, kwani ndege mdogo huweza kufa kwa khofu peke yake.

(e) Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku ile ile, umwambie wazi kuwa ameumwa na paka, ili ajue dawa itakiwayo. Asiyejua daktari alipo na awaulize maofisa wa mifugo au wa wanyamapori walio karibu naye.

(f) Osha mikono yako kwa sabuni, na nguo iliyoingia damu ioshwe kabla ya kusaliwa. Na ukiwaona ndege wengi wamekufa mahali pamoja pasi na jeraha, usiwashike. Wape khabari maofisa wa mifugo, kwani huenda ikawa ni maradhi ya kuambukiza.

(g) Akipona, na arudishwe pale alipookotwa. Asigeuzwe pambo la nyumba. Na sheria ya Kenya ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa mwitu pasi na kibali.

Ama kinda lililookotwa chini, kwanza litazame. Ikiwa halina manyoya au macho hayajafumbuka, na kiota chake chaonekana, lirudishe kiotani. Wasemao kuwa mama yake atalikataa kwa harufu ya mkono wa mtu wamekosea, kwani ndege wengi hawategemei harufu kuwajua watoto wao. Ikiwa lina manyoya na linarukaruka kwa miguu, huyo ni mwanafunzi wa kuruka, na wazazi wake wako karibu wakimlisha. Huyo hahitaji kuokotwa, bali ahitaji paka wako afungiwe siku mbili tatu. Lakini ikiwa paka amekwisha kumgusa kwa jino, hukumu yake ni ile tuliyoitaja ya kupelekwa kwa daktari.

Na watoto wetu wafunzwe kuwa ndege aliyejeruhiwa si mchezo. Ibn Umar (r.a.) aliwapitia vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakimtupia mishale, nao walipomwona wakatawanyika. Akawaambia kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Basi manati na kamba ya kumfunga ndege mguu ni katika mlango huo huo.

7. NDEGE ASIYETARAJIWA KUPONA

Ikiwa ndege ni katika waliwao, kama tetere, hua, kwale na kanga, naye yungali na uhai uliothibiti, ambao alama yake ni kutikisika kwa nguvu na damu kububujika anapochinjwa, basi kumchinja kwa kisu kikali na kwa jina la Mwenyezi Mungu ni halali, na nyama yake ni halali. Hayo yametoka katika aya ya 3 ya Sura ya Al-Maida, ambayo imekitoa katika uharamu kile kilicholiwa na mnyama mkali kisha kikawahiwa kuchinjwa. Na Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws (r.a.), ameamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe.

Ama akikutwa amekufa, au anatapatapa mtapotapo wa mauti, huyo ni mzoga na hafai kuliwa. Wala pasiwe mtu wa kusema kuwa paka ni kama mnyama wa kuwindia. Mnyama wa kuwindia ni yule aliyefunzwa, akitumwa huenda na akizuiwa huzuilika, naye humshikia bwana wake. Paka wa nyumbani hujishikia mwenyewe.

Ikiwa ndege si katika waliwao, kama kipanga na bundi, wanavyuoni wetu wa Kishafi wameeleza, kama ilivyo katika Fat'hul Mu'in, kuwa haifai kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha. Wako wanavyuoni wengine walioruhusu ikiwa maumivu yamezidi na hakuna tamaa ya kupona. Kwa hivyo mtu wa kawaida asijitwike jambo hili kwa jiwe au fimbo. Amweke penye kivuli na utulivu, na ampeleke kwa mwenye ujuzi.

Na kwa kuwa tumemtaja bundi, twasema wazi: kumwacha bundi aliyejeruhiwa afe, au kumpiga mawe kwa kuwa ati ni ndege wa mkosi na mleta mauti, ni itikadi ya Jahiliya. Mtume (s.a.w.) ameukanusha mkosi wa ndege, na ameyakanusha yale Waarabu waliyokuwa wakiyadai juu ya bundi. Bundi haleti mauti wala hayaondoi. Yeye huwala panya waharibuo nafaka zetu, na mwenye kumwua amewasaidia panya. Hata kunguru, ambaye Hadithi imeruhusu kuuawa kwa madhara yake, hakuruhusiwa kuteswa.

8. KINGA NI BORA KULIKO DAWA

Ndege wengi walioshikwa na paka hawaponi hata wakipata daktari. Kwa hivyo wajibu ulio mkubwa wa mwenye kufuga ni kabla ya jino, si baada yake.

Kwanza, paka alale ndani. Afungiwe tangu Magharibi mpaka jua lipande, kwani alfajiri na jioni ndizo saa ndege washukazo chini kutafuta chakula. Na nyakati za mvua, ambazo ndege wengi hujenga viota na kufunza makinda kuruka, azidi kuzuiwa. Tumekwisha kueleza kuwa kumzuia pamoja na kumlisha si dhuluma. Tena humwokoa yeye mwenyewe na magari, na mbwa, na magonvi ya usiku.

Pili, alishwe vizuri na achezwe naye. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa mwaka 2021 uchunguzi wa paka 355 katika nyumba 219. Waliopewa chakula kilichojaa nyama walipunguza mawindo waliyoleta nyumbani kwa asilimia 36, na waliochezwa nao kwa dakika tano hadi kumi kila siku, kwa unyoya uliofungwa kwenye fimbo, walipunguza kwa asilimia 25. Ama kengele ya shingoni haikuonekana kuleta tafauti, kwa hivyo mtu asiitegemee hiyo peke yake.

Tatu, chombo cha maji ya ndege na punje tuwatupiazo visiwekwe karibu na kichaka au ukuta ambapo paka hujificha. Kuwaita ndege kwa chakula penye mviziaji ni kuwatega.

Nne, na hili ndilo zito kupita yote, tuache ada ya kuwatia watoto wa paka katika gunia na kwenda kuwamwaga sokoni, au ufukweni, au penye jaa la taka. Mwenye kufanya hivyo hujiona amepata raha na hakuua. Lakini wengi katika watoto wale hufa kwa njaa, na wanaosalia huwa paka wasio na mwenyewe, wakaishi kwa makombo na ndege, wakazaa wengine. Hawa ndio waliokuwa na fungu kubwa katika ile hesabu ya Marekani. Mtu huyo amekusanya dhuluma mbili, ya paka na ya ndege. Kama huwezi kuwalea, watafutie walezi kwa majirani na jamaa kabla hujawatoa kwa mama yao, wala usifuge paka wengi kuliko uwezavyo kuwalisha. Ama mas'ala ya kuwahasi yana khilafu ya wanavyuoni, nayo yataka darasa peke yake, inshallah.

KHITIMA

Jumla ya tuliyoyasema ni kuwa paka hana lawama, ndege ana haki, na baina yao wawili amewekwa mwanadamu mwenye akili, naye ndiye atakayeulizwa. Kumtoa ndege mdomoni mwa paka aliyeshiba ni wema. Kumtibu kwa ilimu ni wema uliotimia. Na kufunga mlango usiku ni wema usioonekana na mtu, lakini Mwenyezi Mungu auona.

Twamwomba Mola wetu atutie rehema nyoyoni kwa kila chenye roho, na atujaalie katika wenye kusikia yaliyo mema wakayafuata. Amin.

MASWALI YA KUDURUSU KATIKA DARASA

1. Ni lipi kosa la mwanamke aliyemfungia paka, na kwa nini Hadithi yake si hoja ya kuwaachia paka wazurure?

2. Ni lini mwenye paka hulazimika kulipa alichokiharibu paka wake, na ni lini halipi?

3. Ndege aliyetoka kinywani mwa paka anaruka vizuri. Je, aachiwe? Eleza sababu.

4. Tetere amekutwa ameuawa na paka. Je, nyama yake yafaa kuliwa kama mawindo ya mnyama aliyefunzwa? Toa dalili.

5. Kila mmoja na atazame nyumbani kwake: paka wake hulala wapi, na nani afungaye mlango?